Misalaba Minne ya Ukutani

Zaza mwanangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Lifunge dirisha la upande wa bustani ya mtaa wa Vake, mvua inakuja.

Asubuhi mkeo Tekle amebandua misalaba yote minne ya karatasi aliyobandika padri alipoibariki fleti. Ati, "Mama, hili ni jengo la kihistoria, siyo kanisa." Nikamwambia, "Na nyumba aliyoijenga marehemu mkweo, niliyoiuza mkanunua hapa, haikuwa na historia?" Akacheka, akaendelea kukwangua. Wewe ulikuwa bafuni unanyoa ndevu. Ulisikia kila neno.

Niko kanisani. Nitarudi ~~jioni~~ ukishaibandika misalaba kwa mkono wako. Nimeiokota kwenye takataka, iko chini ya sahani yako.

Mungu akulinde.

Mama yako