Kifungo cha Kanzu Yako

Chumbi, Rufiji
Mwezi 10 Shaabani, 1323

Mpendwa shemeji Mrisho,

Kwa heshima na majonzi, mbele yako na mbele ya ukoo mzima, natangaza kupotea kwa kifungo cha juu cha kanzu yako nyeupe, ile uliyoniachia.

Baada ya tangazo hilo, assalaam aleikum. Wewe na dada Mwamini hamjambo huko Bagamoyo? Sisi tu wazima wa mwili. Mwanenu Tamimu anakula kunishinda mimi niliyelima.

Sasa habari ya kifungo. Padre aliomba Biblia ifundishwe katika shule ya serikali, hiyo anayosoma Tamimu. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, akataka kusikia wazee wanasemaje. Tukakaa barazani msikitini, Mzee Abdalah akakata neno: shule ifundishe kusoma na hesabu, dini, kila mtoto kwa mwalimu wake. Padre ana nyumba, anayemtaka amfuate huko. Wote wakasema hewala. Nikatumwa bomani mimi, kwa kuwa herufi za Kizungu nimejifundisha kwenye magunia ya forodhani, na huku kwetu msoma magunia ni mwanachuoni.

Wajua wakati wenyewe ulivyo. Tangu watu wa milimani wanywe maji ya dawa na kuanza vita na Wadachi, anayesema hapana hutazamwa mara mbili. Pale bomani nilimwona mume wa jirani yetu Mwanajuma ana mnyororo shingoni. Yule hajapigana hata na nguruwe wa shambani kwake.

Nilipoulizwa, mkono ukashika kifungo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Wazee wamekubali, bwana. Ifundishwe." Kifungo kikabaki kiganjani, na kutoka hapo sijui nilikiangusha wapi.

Bwana Shauri akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Nje, mkalimani akanivuta mkono: "Wee, una wazimu? Bwana mwenyewe hataki dini shuleni! Alikuwa akingoja mkatae, apate la kumjibu padre."

Kijijini nikasema kweli, maana uongo mmoja ulikuwa umenitosha. Mzee Abdalah akainuka. Alivaa makubadhi yake akaenda zake. Mtani wangu Mwinyimvua ndiye aliyesema: "Tulidhani tumetuma mjumbe, kumbe kambale! Kashikwa kidogo tu, kateleza." Watu wakacheka. Mimi nikatazama mkeka.

Shemeji, kitabu chenyewe sina ugomvi nacho. Musa na Yusufu tunawajua sote. Nilichokataa ni mtoto kuketishwa kwa amri, aitikie asichokiamini kwa kuogopa fimbo. Nikaenda kulisema hilo, nikaitikia nisichokiamini, wala fimbo sikuonyeshwa.

Tamimu kaniuliza kama sasa ataacha chuo cha Kurani. Ukitaka kumchukua, mchukue. Sina uso wa kukuzuia. Nimeona afadhali uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Mwinyimvua.

Msalimie dada Mwamini na mwanenu Zena. Bibi Tatu wa Kibiti anawasalimu. Mola awape amani, na awaepushe na mjumbe wa aina yangu.

Shemeji wako akupendaye, kwa haya,
Bashiru

Kabla sijaifunga: leo nimepita shuleni. Askari wamehamia humo, madawati wameyafanya kuni za kupikia wali, na hakuna mtoto anayefundishwa kitu.