Kijiko Changu na Sinia Lenu

Msambweni,
Ramadhani

Kwa Kaka Athman, Lamu.

Assalamu alaykum. Kabla ya lolote nakushika miguu, na naomba barua hii ikukute mzima, na Mama awe amepata nafuu ya magoti. Umeniandikia kuwa siku hizi anasali ameketi na anaona haya. Mwambie asione haya, Mola hapimi urefu wa rukuu ya mtu. Mimi ni mzima pia, isipokuwa kidole kimoja.

Mwaliko wa harusi ya mwanetu Zaituni umefika na ruhusa nimepata. Baada ya Idd nitakuja inshallah. Lakini kabla sijafunga mzigo lipo neno.

Wajua kuwa ukoma wangu ulikwisha pona, na madaktari wamesema simwambukizi mtu. Nikabaki hapa hospitali kuwa dresa, nawafunga vidonda wale niliokuwa nimelala nao wodi moja. Ila vidole vya mkono wa kulia havikurudi kama zamani. Kazi vinafanya, lakini moto na baridi kwavyo ni mamoja.

Mwezi wa Shaabani jamaa wa mgonjwa mmoja walitualika hitima kwao Bodo. Nilikwenda na Bi Mwanakombo, muuguzi mwenzangu, ambaye mguu wake mmoja umedhoofu tangu utotoni. Wanaume tukawekewa sinia la pilau iliyotoka jikoni saa ile. Nikapiga bismillahi, nikatia mkono, nikala. Wenzangu walikuwa bado wanapuliza.

Mzee aliyekaa kando yangu akaniambia, "Polepole, bwana, pilau haikimbii."

Wakacheka, nami nikacheka, nikidhani wananiona mroho tu. Ilikuwa miaka sijakaa sinia moja na watu, kaka. Nilifurahi mno hata sikuutazama mkono.

Asubuhi yake Bi Mwanakombo akaliona lengelenge kidoleni nikinawa wodini. "Ndugu yangu, mkono huu umeupika?" Nikamwambia si kitu. Akaniburura hadi kwa Sista, Mzungu anayetusimamia, huku akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sista hapandishi sauti. Alininyang'anya mkasi, akasema mwenye kidonda hafungi kidonda, na nikiungua tena nitahamishiwa stoo moja kwa moja. Nikawekwa kukunja bendeji kama kizee.

Kazi ya wodi ndiyo heshima niliyobaki nayo. Kwa hiyo nikakubali niliyoamriwa: kila jioni niloweke mikono, niipake mafuta ya nazi, ninyooshe vidole kimoja kimoja, kisha niitazame mikono mbele na nyuma, maana yenyewe haisemi ikiumia. Mwanzo nilikuwa nikifanya nimejificha nyuma ya wodi. Bi Mwanakombo akanifuata na kifuko chake cha mchanga, ambacho hukifunga kwenye mguu akauinua na kuushusha ili usizidi kunyauka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Toka huko, tufanye barazani."

Basi tunafanya barazani, yeye anahesabu kwa sauti ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Wagonjwa walianza kwa kutucheka. Sasa wananyoosha nao, vitandani mwao, na asiyenyoosha anachongewa na jirani yake.

Lililonishinda ni agizo la mwisho la Sista, kwamba chakula cha moto nile kwa kijiko. Nilimwambia Bi Mwanakombo kuwa kwetu, kwenye sinia la watu, kijiko ni cha mgonjwa. Akainua fimbo yake akanionyesha. "Na hii ni ya nani? Mimi nisipoishika naanguka, na nikianguka nani atawageuza wagonjwa?" Nikakubali kijiko. Juzi kidonda cha kidole kimefunga, Sista kanirudishia mkasi, na kijiko kiko mfukoni mwa kanzu.

Sasa fikiri, kaka. Nikija harusini nikatia mkono, nitaungua mbele yenu bila kujua, na kazi imekwenda. Nikitoa kijiko, wakwe zako watanong'ona kwamba maradhi hayajaisha, kaja na vyombo vyake. Nawe utaona haya, nakujua. Siku zile nilipoanza kuugua, sahani yangu ya bati iliwekwa peke yake dirishani na kuoshwa peke yake. Sikulaumu, hofu ilikuwa ya watu wote. Lakini iliniuma, na sikupata kukwambia.

Basi nimeamua. Nitakuja na kijiko, na atakayeuliza nitamwonyesha vidole na kumweleza. Wewe nakuomba jambo moja tu, ukae upande wangu wa sinia, uanze kula pamoja nami.

Mpe Mama salamu zangu, na shemeji, ambaye najua ndiye anayekukumbusha kuniandikia. Zaituni mwambie ami yake anakuja, na Maalim aliyetusomesha mpe mkono wangu. Bi Mwanakombo anawasalimu bila kuwajua.

Na ile sahani ya bati, kama bado ipo, naomba muifanye ya kunyweshea kuku maji kabla sijafika.

Nduguyo,
Bakari