Tangi la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Kadi mpya ya michoro imefika! Nimeifunga kabla hata ya kuvua viatu vya kazini. Kompyuta ikawaka mara ya kwanza — maajabu, kawaida hunisumbua hadi nitoke jasho. Nyaya, mtaalamu wetu wa vifaa, alinionya nisiiwashe bila feni ya pili. Nimeiwasha. Joto limefika digrii themanini na tatu. Haya, kesho feni.

Bawa naye katuma faili jipya la urukaji. Sasa Bibi Mnene anainua pua kwa heshima zake. Wiki iliyopita alikuwa anaruka kama panzi. Bibi Mnene ndilo jina wanajeshi walilompa huyu: ndege ya mizigo, injini mbili za pangaboi, tumbo kubwa. Zote zilistaafishwa zamani. Sisi watatu tunamfufua ndani ya simyuleta, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, bure, kwa yeyote atakayetaka kumrusha. Bawa anaandika namna anavyoruka, Nyaya anahakikisha kompyuta za watu hazitaungua, mimi nachora. Mwaka wa pili huu na sijawahi kuonana nao uso kwa uso.

Mchana nachora makabati ya jikoni kwenye karakana ya samani, jioni nachora ndege. Mume wangu anasema nimeolewa mara mbili na mume wa pili ana mabawa. Maneno hayo yanatoka kwa mwalimu wa udereva anayeogopa kupanda ngazi kubadilisha taa.

Jumatano, 5 Machi

Siamini.

Meza yangu iko kwenye kona ya sebule, karibu na kiti cha baba mkwe. Amehamia kwetu tangu mama mkwe afariki. Alikuwa fundi wa ndege jeshini, lakini ukimuuliza anakujibu, "Nilikuwa nafunga skrubu," na habari inaishia hapo. Miezi yote hii amepita nyuma yangu bila kugeuza shingo. Nilidhani ni macho. Macho yametibiwa Januari, mtoto wa jicho kaondolewa, bado hakugeuka.

Leo kasimama. Nilikuwa nachora upande wa juu wa bawa la ndege. Akanyoosha kidole hadi kikagusa kioo.

"Kifuniko cha tangi umekirudisha nyuma mno, mwanangu. Kilete mbele, shibiri moja."

Nikakileta. Akasema hapo hapo. Kisha akaenda zake jikoni kunywa maji, kama mtu aliyeniambia kumeanza kunyesha.

Amefanya kazi kwenye Bibi Mnene! Mume wangu hakujua. Mwanawe wa kumzaa! Nimewaandikia wenzangu. Bawa kajibu kwa herufi kubwa tupu.

Ijumaa, 7 Machi

Baba kavuta kiti. Kakaa nami saa mbili nzima baada ya kazi. Mkono wa breki uko kushoto, si kulia. Kiti cha rubani kilikuwa na mpasuko uliokuwa ukibana suruali za watu — nimeuchora na mpasuko. Bawa alimwashia injini kutoka kwake, sauti ikatoka kwenye spika, Baba akacheka peke yake. Akasema ya kulia ilikuwa ikikohoa hivyo hivyo asubuhi.

Bawa alituma maswali kumi na manne. Kayajibu tisa, vizuri, kwa vipimo. La kumi: mafuta mlikuwa mkiyapima vipi kabla ya safari? Akanyanyuka. Akasema amechoka. Uso wake ulibadilika hadi nikaona aibu kwamba nimeuliza, ingawa swali si langu.

Jumamosi, 8 Machi

Ameniambia. Niandike kabla sijachanganya.

Mume wangu alikuwa na wanafunzi wake barabarani. Baba alikuja mezani asubuhi, amevaa shati la kutokea. Akasema lile swali la kumi atalijibu.

Mafuta yalipimwa kwa kijiti. Unapanda juu ya bawa, unafungua kifuniko, unatumbukiza kijiti chenye alama, unasoma pale kilipolowa. Lakini ndege iwe imesimama pahali tambarare. Siku hiyo — miaka thelathini na nne iliyopita — eneo la tambarare lilikuwa limejaa. Wakaiegesha pembeni, kwenye mteremko, pua ikielekea chini. Mzigo ulikuwa mzito, kwa hiyo mafuta yalipunguzwa: ya saa moja na nusu kwa safari isiyofika saa moja. Alipima. Akaandika saa moja na nusu. Haraka haraka. Mteremko hakuuhesabu.

Dakika ya arobaini na moja injini zote mbili zikazima, moja baada ya nyingine. Ikaanguka kwenye kinamasi. Rubani msaidizi na mpakizi walitoka wazima. Kapteni hakutoka. Na ndege haikuwaka moto. Watu wakawa wanasema ndege yenye mafuta huwaka.

Tume ilikaa, ikaandika sababu haikujulikana. Hakuna aliyemuuliza ilikuwa imeegeshwa wapi, naye hakusema. Mazishini hakwenda. Mke wa kapteni alikuwa akimwita shemeji. Hajaongea naye tangu siku ile.

Mama mkwe kafa bila kujua. Mume wangu hajui. Mimi ndiye wa kwanza, na nilikuwa nimeshika kipanya mkononi kama mjinga.

Aliuliza kitu kimoja tu: kwenye hiyo kompyuta yangu, je, ndege inaweza kuinamishwa?

Inaweza. Nikasema kesho, Baba. 

Jumapili, 9 Machi

Tumefanya. Hesabu yenyewe haina uchawi. Chukua sinia la maji, liinamishe: ukingoni maji yanapanda, katikati yanabaki palepale. Kwa hiyo yote yanategemea kijiti kinaingilia wapi. Kikiingilia karibu na ukingo wa mbele, kitadanganya sana.

Mteremko Baba anaukumbuka kwa vidole: ubao wa mita mbili, upande mmoja vidole vitatu chini. Nikamwinamisha Bibi Mnene vidole vitatu. Nikatia mafuta hadi alama aliyoisoma siku ile. Nikauliza kompyuta ni ya muda gani hasa.

Dakika themanini na tano.

Kijiti kilidanganya dakika tano. Tano tu! Bibi Mnene alikuwa na mafuta ya dakika themanini na tano, akaanguka kwenye ya arobaini na moja. Baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha akaweka mikono miwili usoni na mabega yakaanza kumtikisika, nami sikujua mkwe anatakiwa afanye nini, nikamshika tu mgongoni.

Jioni alimwambia mwanawe yote. Walikaa nje kwenye ngazi muda mrefu. Mume wangu aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu, akanikumbatia na kuniambia hatasema tena neno baya juu ya mume wangu wa pili.

Jumatatu, 10 Machi

Baba kaamka kabla yetu, kanyoa, katoka kutembea. Mguu ule aliokuwa akilalamikia! Amerudi na magazeti mawili. Kala mayai matatu. Nimefika kazini nikichekacheka, nimechora droo upande usiokuwa wake na bosi hata hakunigombeza.

Jumatano, 12 Machi



Bawa ameuliza, kwa upole tu, kama nimeshabadilisha tangi la kuazima.

Nilisahau. Wallahi nilisahau. Oktoba iliyopita kitabu cha ndege kilikuwa kimepungua ukurasa mmoja, ule wa tangi. Tangi liko ndani ya bawa, hakuna anayeliona, basi nikachukua la ndege nyingine ya ukubwa huo huo, nikalichomeka, nikaandika pembeni: kuazima, badilisha baadaye. Sote hufanya hivyo. Nusu ya kila ndege ya simyuleta unayoipakua imejaa vitu vya kuazima. Hakuna anayekufa.

Kifuniko Baba alikithibitisha kwa kidole chake. Lakini tangi lililo chini ya kifuniko si la Bibi Mnene. Baba alikuwa fundi wa uwanjani, la ndani hajawahi kuliona, hana namna ya kujua lilianzia wapi na kuishia wapi. Kama ukingo wa mbele halisi uko karibu na kifuniko, zile dakika tano zinaweza kuwa ishirini. Zinaweza kuwa arobaini na tisa, yaani tisini kutoa zile arobaini na moja.

Nimemwambia mume wangu chooni, mlango umefungwa, kama wezi. Akasema nisimwambie Baba. Mzee amelala usiku kucha siku tatu mfululizo bila kushtuka, amesema. Mwache alale.

Baba alikuwa sebuleni anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Alhamisi, 13 Machi

Siwezi kumtazama usoni. Aliniuliza kama naumwa, akanichemshia chai mwenyewe. Nikainywa! Nikamshukuru!

Nimewaandikia Bawa na Nyaya kisa chote, bila kutaja ni nani. Nadhani wameelewa. Bawa akaandika kwamba kosa ni letu sote. Si kweli lakini nimelipokea. Nyaya, ambaye siku zote ni feni na waya na kunicheka, kaandika maneno machache tu: kuna mwanamke anatunza uwanja wa ndege chakavu, ana Bibi Mnene mmoja aliyevunjika mkia, na ana makabati yaliyojaa nyaraka za ndege. Atampigia asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna kitu. Yule mama anatafuta. Kazini nimekata shauri: nikipata ukurasa nitamwambia Baba vyovyote utakavyosema. Nisipoupata nitamwambia pia. Mume wangu amekasirika. Anasema mimi nina kichwa kigumu na kwamba baba ni wake. Kweli ni wake. Lakini hesabu ni yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Ukurasa umefika. Saa nne asubuhi. Picha tatu za ukurasa mmoja, zimepigwa kwa simu, kidole cha yule mama kinaonekana pembeni. Na kama haitoshi, alipanda juu ya bawa la ndege yake iliyovunjika mkia na futi ya fundi cherehani, akapima kutoka kifuniko hadi mstari wa misumari ya riveti pale tangi linapoanzia. Mwanamke ambaye hanijui!

Nilichora tangi upya kwa mkono mzito. Kila mstari mara mbili. Mume wangu alisimama nyuma yangu, hasira imemwisha, anauma kucha. Nikamwinamisha Bibi Mnene.

Tisa.

Dakika tisa. Si tano, lakini tisa! Zinabaki themanini na moja. Nikafikiri labda kumbukumbu ya vidole imemdanganya, nikaongeza mteremko mara mbili, vidole sita, mteremko ambao hakuna fundi angeegesha ndege. Kumi na nane. Bado zinabaki sabini na mbili. Haifiki arobaini na moja kwa njia yoyote. Nimejaribu kuifikisha, nimeshindwa.

 Mume wangu kakaa chini sakafuni. Tulicheka kama wendawazimu hadi jirani akagonga ukuta.

Kilichoiangusha sijui. Hakuna anayejua. Lakini si kijiti.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia baada ya chai ya asubuhi. Sikuzunguka. Nimemweleza la kuazima, la kusahau, la siku nne nilizomficha. Nikamwonyesha ukurasa, na kidole cha yule mama. Nikasema, Baba, nisamehe.

Aliusoma ukurasa kwa utulivu, miwani kwenye ncha ya pua, akipitisha ukucha kwenye vipimo. Ule utulivu ulinitisha kuliko kilio cha wiki iliyopita.

"Tano zilikuwa chache mno," akasema. "Nilizipokea kwa sababu nilizitaka. Lakini kila usiku mkono ulikuwa unaniambia, ule mteremko haukuwa wa dakika tano."

"Na tisa?"

"Tisa ndizo zenyewe."

Akaniomba nichapishe ukurasa. Akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Kisha akasema kitu ambacho mume wangu na mimi bado tunakitafakari: ilimpasa kwenda mazishini hata kama zingekuwa arobaini na tisa. Alipaswa kwenda. Hilo hakuna tangi la kulipima.

Saa sita mchana. Amemwomba mume wangu amtafutie namba. Haikuwa kazi ngumu. Watoto wa kapteni wanajulikana, binti yake ana duka la vioo. Binti katoa namba ya mama yake bila hata kuuliza mara mbili. Anaishi bado. Ana miaka themanini na moja.

Saa saba kasoro. Baba yuko kwenye kiti chake na simu. Ameifuta kioo kwa shati. Amebonyeza namba, akakata. Amebonyeza tena. Mume wangu yuko jikoni anajifanya anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi nimekaa mezani na kompyuta imezimwa, naandika ili nisimtazame.

Inaita.

Imepokelewa. Sauti ya mwanamke, ndogo, siyasikii maneno.

Baba amejitambulisha: jina, kikosi, kazi. Amesema, "Shemeji, ni mimi."  Anasikiliza, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati. Huko upande wa pili shemeji bado anaongea, anaongea, na Baba anaitikia kwa kichwa kana kwamba anamwona, na hakuna anayekata.