Harufu Aliyoikataa Mama Mkwe

Mabandani kwa farasi,
Chumba cha pili kutoka bombani.
Jumatatu, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Nakusalimu kwanza kabla sijakugombeza, maana mama alitulea na tukaleleka. U hali gani huko? Lile jicho lililorukiwa na cheche limepona, au bado unajitia ujogoo wa kuchomelea vyuma bila miwani? Huku tu wazima wa mwili. Mgongo wangu unauma kwa kufua mablanketi ya farasi, lakini hayo ni ya kila siku.

Mwanao ameongezeka kimo, na viatu ulivyomtumia vimeanza kumbana. Ila kaka, nimejaa kinyaa, na siwezi kukaa nikakuandikia habari za mvua.

Unakumbuka uliponiachia mtoto huyu mwaka juzi, mlipokwisha kumzika mama yake. Alikuwa hasemi na mtu. Mwalimu akimwita, anaangalia viatu. Jirani akimsalimu, anajificha nyuma ya sketi yangu. Kumbe maneno alikuwa nayo, alikosa wa kumpa.

Akampata farasi jike mzee wa banda la mwisho, yule tunayemwita Mama Mkwe kwa kuwa haridhiki na mtu. Ameshamng'ata mtunza farasi mara tatu. Mwanao aliingia siku moja, akasimama, akampulizia pumzi puani polepole, kama farasi wenyewe wanavyosalimiana. Hakufundishwa na mtu. Tangu siku hiyo akitoka shule humweleza yote: hesabu aliyokosa, waliomcheka, mama yake. Mimi nafua nyuma ya ukuta wa mbao, nimetega sikio. Baadaye akaanza kunitupia na mimi neno moja moja. Aliponiambia, "Shangazi, sabuni imekwisha," nililia kama nimepewa nyumba.

Basi nikashindwa kuufunga mdomo. Nikakusimulia, ukataka video, nikamrekodi kupitia ufa wa mbao bila yeye kujua. Wewe ukawarushia rafiki zako, nao wakawarushia wao. Mimi niliwasha, wewe ukapuliza, moto ukafika kwa bosi mwenye mabanda.

Bosi akaja na meno yote nje. Ana wageni Jumamosi, mtoto aje aongee na farasi kidogo, watu waburudike. Nikasema, ndiyo bosi. Nikikumbuka ile "ndiyo bosi" yangu natamani kujitemea mate.

Nilimsugua kwa dodoki, nikamvika gauni, nikammwagia marashi shingoni na mikononi. Sikutaka waseme tunanuka mabanda. Walikuwepo watu hamsini, sahani mkono huu, simu mkono huu. Jibaba moja limejaza nyama mdomoni likipiga kelele, "Sema basi! Mwambie akusalimie!" Mafuta yanalitiririka kidevuni. Mtoto akasogea, akapuliza pumzi yake. Mama Mkwe akanusa, akalaza masikio, akamgeuzia makalio, akanya.

Walicheka, kaka. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaweka sahani chini. Bosi akawaomba wageni radhi kwa ile harufu; mtoto hakuombwa radhi na mtu. Nimezoa mavi ya farasi miaka kumi na moja na hayajawahi kunichefua. Wale watu walinichefua, na mimi mwenyewe nilijichefua.

Mwanao hakulia. Alirudi akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Siku nane hakunifungulia kinywa, wala hakulikaribia banda. Rafiki yake wa pekee alikuwa amemkataa mbele ya watu.

Mtunza farasi ndiye aliyenifumbua macho. "Dada, ulimpaka nini mtoto? Farasi huyu anamjua mtu kwa harufu. Ulimletea mgeni." Nikaenda kumweleza mwanao kwamba kosa ni langu. Akaangalia viatu.

Bosi naye alirudi. Anataka tena Jumamosi ijayo, eti safari hii watu watacheka zaidi. Nikamwambia aende akaongee na farasi yeye. Akanikumbusha kwamba chumba hiki ni chake. Nimeanza kufunga vitu vyetu, lakini sina uso wa kumhamisha mtoto huyu akiwa kafunga mdomo.

Jana nikaokota koti lake la mabandani, lililokuwa bado halijafuliwa, linanuka jasho na majani makavu. Nikaliweka kitandani kwake, nikaenda kwenye mabeseni yangu. Baada ya muda nikasikia komeo la banda la mwisho. Kisha Mama Mkwe akakoroma ile sauti yake ya puani, na sauti ndogo ikaanza kusema.

Kaka, nilifungua bomba mpaka mwisho. Maji yakapiga beseni kwa kishindo, yakafurika mpaka miguuni, nisisikie hata neno.

Kwa hiyo usiniulize alisema nini. Ile video ifute, na uwaambie rafiki zako wafute, hata kama itabidi uwapigie magoti mmoja mmoja.

Msalimie binamu yetu fundi bomba na mkewe, na yule mzee mpishi anayekugawia supu. Mungu alilinde hilo jicho, akupe na haya kidogo, na mimi anizidishie.

Ukitaka kujua mwanao anasema nini, omba likizo uje. Uje bila marashi.

Wako akupendaye hata akikugombeza,
Dada yako.