Namba Niliyoiita Tasa

Jumatatu, 4 Juni 1973

Kidato cha pili asubuhi. Chaki imenijaa puani. Bango langu la namba tasa liko ukutani, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, fahari yangu: 1,111,111. Niliigawanya kwa kila namba tasa iliyomo kwenye orodha ya kitabu chetu, kutoka 2 hadi 199. Kila mara kilibaki kitu. Nikaandika haigawanyiki.

Leo Atieno, wa dawati la mbele, kauliza: "Mwalimu, ulijuaje ni hapo unafaa kuacha?" Nikamwambia aketi. Nimemkemea bure. Jibu sikuwa nalo.

Jumanne, 5 Juni

Jibu ninalo. Unaendelea mpaka kigawo, kikizidishwa kwa chenyewe, kiipite namba. Hapa ni zaidi ya elfu moja. Mimi nilisimama 199 kwa kuwa kitabu kilisimama 199. Mjinga ni mimi, si kitabu.

Mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa. Cheti cha ualimu sina. Akiniandikia vizuri, nathibitishwa kazini. Akiniandikia vibaya, narudi Mombasa kwa kaka, nikamlelee wanawe. Naogopa. Huenda ni tasa kweli. Ewe Mola, iwe tasa.

Jumatano, 6 Juni

Nimetoka shule moja kwa moja hadi chumbani kwangu, mtaani Riruta. Nikagawanya. 211, kimebaki. 223, kimebaki. 227, 229, 233. Nikaanza kupumua.

239. Hakikubaki kitu. 239 mara 4,649. Nimerudia mara tatu.

Hatua sita tu mbele ya pale nilipoachia!

Alhamisi, 7 Juni

Nimemweleza mwalimu mkuu, Bwana Wekesa. Nilitaka kulibandua bango. Akafunga mlango.

"Mwalimu, hiyo kitu iache vile iko. Nishamwambia mkaguzi nimeihakikisha mimi mwenyewe. Nani atagawanya mpaka huko?"

Maji yamezidi unga. Nikisema, namfedhehesha mtu aliyenipa kazi bila cheti. Nikinyamaza, kuna Atieno. Yule atagawanya.

Ijumaa, 8 Juni

Mkaguzi alisimama mbele ya bango, mikono nyuma. Bwana Wekesa akasema namba ile ameihakikisha. Nikashika meza.

Nikasema inagawanyika. Nikasema kosa ni langu. Kisha nikaigawanya ubaoni kwa 239, mstari kwa mstari, darasa zima likitazama. Chaki ilinivunjika mara mbili. Bwana Wekesa aliangalia viatu vyake. Mkaguzi aliandika, akaandika, akaenda zake.

Nimekwisha.

Jumatatu, 18 Juni

Barua imefika. Sikuthibitishwa. Nimepewa miezi sita zaidi ya kuangaliwa, iwapo mwalimu mkuu ataridhia. Tangu siku ile hajaniitikia salamu.

Nimempelekea ofisini. Kaisoma polepole, katia sahihi bila kunitazama. Nikageuka niondoke.

"Mwalimu." Alikuwa amevuta karatasi tupu mezani. "Ukweli ni kwamba sikuwahi kuigawanya hata mara moja. Hebu nionyeshe."

Nimekaa naye mpaka kengele.