Jipu Yenye Ilikuwa Ukuta

Alhamisi, 2 Oktoba

Asubuhi yote nimelala tena chini ya jipu, gari yangu ya zamani. Resori za nyuma, zile vyuma za kubeba gari, zimeingia. Ni za lori, nilizikata mie mwenyewe. Sasa jipu imesimama juu, inaangalia majirani kwa dharau. Magoti yangu inalia kuliko milango yake.

Pua ya jipu nayo nimeifunga mahali pake. Ni bomba refu lenye kutoka ku motere, injini yenyewe, na kupanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, ili gari ipumue hata maji ikifika kifuani. Longin alikuja kuichungulia. Yeye naye iko na jipu, ya bluu, imechakaa sawa mwenyewe. Tangu ujana tunashindana nani atapita matope ya nani. Alisema pua yangu ni ya bure: njia zote za kutoka Bunia zimefungwa juu ya vita, basi nitavuka mutaro wa soko. Nilimujibu kwamba yangu inapumua. Yake inakohoa.

Lakini iko na haki. Hatutoki. Yeye anazunguka: soko, kanisa, nyumbani. Gari ya kupanda milima inaenda kununua chumvi.

Yangu hata haizunguki. Yangu ni ukuta.

Ilikuwa hivi. Vita ilipofukuza watu wa Fataki, mama ya Furaha alifika kwangu na godoro, sufuria mbili na kuku. Furaha ni muke wa mutoto wangu, ule anachimba dhahabu kule Nizi. Parseli, kiwanja yangu, ni ndogo. Jipu ilikuwa juu ya mawe, motere imetoka. Nikasema: simamisheni miti hapa pembeni, mufunge bashi, ile turubai, juu ya gari, ni ya wiki mbili. Fundo za bashi nilizifunga mie mwenyewe. Fundo nzuri. Mvua ya mwaka ikapita, ikapita ingine. Milango ya kushoto ya jipu ni ukuta wa nyumba yake mpaka leo. Ku kioo yangu ya pembeni anatundika rozari.

Na ule mama ni bokilo yangu, mukwe. Baba alinifundisha: bokilo mwanamuke, usimwangalie usoni, usimwambie neno, usifike ku nyumba yake. Ukikutana naye njiani, unaingia mu majani. Sasa mie nalala chini ya ukuta wake, namusikia akikoroma. Baba angekufa mara ya pili.

Dirisha ya dereva inaangalia mule ndani kabisa. Juu ya heshima nilitoa mukono wa kushusha kioo, nikautupa mu sanduku ya vyuma.

Jumatatu, 6 Oktoba

Simu kutoka Boga. Yaya Vero, dada yangu mukubwa. Mu tumbo ya mama yetu tumebaki yeye na mie. Macho yake inafunga. Muganga amemwambia ile kidogo yenye imebaki haitakawia. Akaniambia: "Kuja mbio, mutoto. Nataka nione vile umezeeka mubaya, nicheke, kisha ifunge."

Nilicheka. Kisha niliingia mu jipu, nikafunga mlango, kicheko ikaisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Longin ameleta habari: Jumamosi magari itaenda Boga kwa musururu, waaskari mbele. Kisha ile, hakuna mwenye anajua.

Nimetia batri na mafuta ya mazutu. Motere imewaka mara moja. Moshi mweusi, nguvu ya ng'ombe dume. Nilitaka kuimba. Kuku ya bokilo ilikimbia mpaka barabarani. Nyumba yake yote ilitetemeka, sufuria ikaanguka, sala yake ikakatika katikati ya Baba Yetu. Nilizima haraka sawa mwizi.

Nilijua tangu zamani. Nilikuwa nafunga resori, nafunga pua, ili nisifikiri. Jipu ikitoka, nyumba inaanguka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nani atamwambia? Mie siwezi hata kumusalimia.

Nilimutuma Furaha. Akakataa. Aliacha kufua, akasimama na mapovu ku mikono. "Papa, Fataki walimutoa na risasi. Hapa mumutoe na pua?"

Nilirudi chini ya jipu. Mutu wa majibu kama mie.

Ningeenda na Longin, lakini amejaza jipu yake mifuko ya chumvi na watu wa kanisa, hata nafasi ya tako moja haiko. Nilitafuta miti nisimamishe ukuta mwingine. Haiko. Miti inatoka inje ya muji, na inje ya muji hakuna mutu anaenda kukata kitu.

Nina hasira. Na barabara. Na vita. Na ulimi wangu wenye ulisema wiki mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Nimekaa mu jipu siku nzima, mikono ku usukani. Sikwenda popote. Ningeweza kuzeekea hapa. Nimeshazeekea hapa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilitoka asubuhi, nyumba haiko.

Bokilo mwenyewe ameibomoa. Amefungua fundo zangu zote, amekunja bashi vizuri sawa nguo ya kanisa, ameiweka mbele, juu ya kifuniko ya motere. Rozari ameitoa ku kioo. Amekaa juu ya godoro, chini ya ukingo wa paa ya jiko, amenipa mugongo vile inafaa. Kuku iko mapajani.

Akasema kwa sauti, yeye na kuku yake: "Kuku, mwambie ule mwenye gari. Macho ya mutu haingojake. Nyumba inangojaka."

Nikageuza sura. Mwisho nikamwambia kuku aksanti, amwambie mama nitarudi.

Kuku haikusema kitu. Furaha alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta macho. Leo watalala sita mu chumba yake, pamoja na mama; godoro halikuingia, limebaki chini ya paa ya jiko.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimetoka. Kwa muguu yangu mwenyewe, magurudumu ine! Watoto walikimbia nyuma, nikawapigia honi. Jipu ilipanda mawe ya kona sawa mbuzi. Nilikuwa na miaka makumi mbili mpaka kufika baryeri, ile kizuizi ya waaskari mwisho wa muji.

Pale tulipanga mustari. Mie nyuma ya Longin. Tukangoja. Jua likapanda. Waaskari wakaongea mu radio, wakaangalia pori, wakaongea tena. Kisha tulisikia mulio wa bunduki, mbali, mara nyingi. Mukubwa wao akapita gari kwa gari: njia imefungwa, kila mutu nyumbani kwake. Mule mbele yangu mama mumoja akashuka, akashusha na mifuko yake, akakaa juu yake. Hakulia. Alichoka tu.

Longin alikuja ku dirisha. Anajua njia ya kando, ya ng'ombe, yenye inashuka mutoni na kutokea mbele ya baryeri. Matope mpaka kiuno. "Ndiyo siku yenyewe, muzee. Ile pua ulifunga ya nini?"

Niliiona ile njia. Nyekundu, laini. Muguu yangu ilikuwa imeshakanyaga mafuta. Mu roho nilimuona Yaya Vero amekaa mlangoni, sura inaangalia barabara. Na risasi sikuziogopa sana. Mzee sana kuziogopa vizuri.

Kisha mvua ikaanza, na maji ikachuruzika kutoka juu ku kioo ya mbele, mustari mumoja mwembamba. Haikutoka mawinguni. Ilitoka juu ya paa yangu. Nilishuka kuangalia. Ni bashi. Ijumaa niliitoa ku motere, nikaitupa juu ya paa, nimupe Furaha kisha ailinde, nikaisahau. Nimebeba nyumba ya mama ya watu juu ya kichwa mpaka baryeri, na mvua inamunyeshea kule nyuma.

Nilimwambia Longin ambreyaje ya gia inanuka, gari haitafika. Haikuwa inanuka. Yeye naye akageuza. Peke yake hana roho, iko na mudomo tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikuenda ku misa. Nimerudisha jipu nyumanyuma mpaka magurudumu ikaingia mu mashimo yake ya zamani. Furaha alishika miti, mie nikafunga bashi. Fundo zilezile. Bokilo alingoja nyuma ya jiko mpaka nikamaliza. Godoro lake limelowa, limeanikwa, halijakauka.

Nilipigia Yaya Vero. Nilimwambia njia imefungwa. Akasema: "Basi nitakuona na mikono. Afazali. Sura yako haikuwa ya kuangalia."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Nimeshindwa. Naiandika hivi: nimeshindwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ya mchana. Niliingia mu jipu, sina kazi nayo. Nilisikia bokilo upande wa pili, anatoa maharagi mu maganda, inaanguka mu sufuria moja moja.

Nilifungua sanduku ya vyuma, nikatafuta mukono wa kioo. Ulikuwa chini kabisa. Niliufunga mahali pake. Nikaangalia mbele, ukuta wa choo, vile inafaa. Nikashusha kioo upana wa kidole.

Maharagi ikanyamaza. Ikaanza tena.

Kisha akasema, na kuku haikuwa pale, ilikuwa imelala chini ya gari kwa miguu yangu: "Dada yako, anaitwa nani?"

Niliambia ukuta wa choo: Veronika.

Alisema na yeye alikuwa na dada. Alibaki Fataki. Sikuuliza alibaki namna gani.

Aliendelea kupasua maganda. Mvua haikukatika. Harufu ya maharagi mabichi iliingia mu gari.

Nilipotoka, kioo nilikiacha vile.