Nimebaki Ukingoni mwa Bwawa

Morogoro mjini,
Jumapili, 9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeazimia kukueleza yote, hata yale ambayo ningekuwa nyumbani ningeyameza. Kifua cha Bibi kimetulia? Njegere za shamba la juu mmeshachuma, au ukungu umezikalia? Mimi ni mzima, ila kila asubuhi milima ikijitokeza nyuma ya bweni huwa natafuta upande wa Mgeta, ingawa najua kutoka huku hauonekani.

Mwalimu wetu wa fizikia anatufundisha kupima kimo cha mawimbi kwa umeme. Usishtuke, ni umeme wa betri ndogo, haupigi shoti. Nyaya mbili zinasimamishwa majini sambamba. Maji yakizipanda, umeme hupita kwa urahisi zaidi na namba kwenye mita hupanda. Wimbi likishuka, nayo hushuka. Lakini kwanza lazima uzamishe nyaya kwa kina unachokijua, ili ujue kila namba ina maana gani. Kifaa chetu nilikifunga mimi, na ndani ya beseni la kufulia kilifanya kazi vizuri sana.

Jana tukakipeleka bwawani. Wenzangu walivaa maboya wakapanda mtumbwi na mwalimu. Mimi nilibaki ukingoni nimeshika mita, waya mrefu ukitambaa hadi kwao. Ajabu, namba zikasema mawimbi yanafika kiunoni, na maji yenyewe yametulia! Mwalimu alicheka. Tulipima kwa maji ya bomba, kumbe ya bwawa yamebeba chumvi za udongo na hupitisha umeme zaidi. Ikabidi nyaya zizamishwe upya palepale, na aliyezishika ni Zuhura, rafiki yangu wa kitanda cha juu.

"Nyoosha! Zimelala!" nikapaza sauti.

"Njoo unyooshe wewe, Mluguru wa nchi kavu! Au kwenu mnaoga ukungu?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Hawajui habari za Deo. Sikuwaambia kwamba tangu mto umchukue Deo, mwanawe, Mjomba ametukataza watoto wote maji yanayopita magoti. Neno lake nimelishika, Mama, hata huku asikoniona.

Jioni mwalimu aliniita. "Jumamosi tunarudi. Nakutaka mtumbwini, kazi ni yako. Baba yako atakubali?"

"Baba atakubali, mwalimu, lakini kwetu mwenye neno ni mjomba."

"Basi mjomba aulizwe."

Nitavaa boya, na mwalimu atakuwa kando yangu. Mjomba akikataa nitabaki ukingoni, wala sitanung'unika. Lakini nayatamani yale maji, Mama. Na hapohapo natamani ningekuwa jikoni kwako, nikusimulie haya huku tunamenya viazi, nikuone uso.

Nisalimie Baba, Bibi, na mdogo wangu Stela. Mwambie sketi yangu ya kanisani aiache. Jirani yetu anayeleta karoti sokoni atashuka tena Ijumaa, naomba umpe jibu. Mjomba mpe shikamoo yangu kwanza, mwache anywe chai yake, ndipo umuulize: je, ananiruhusu kupanda mtumbwi?

Mwanao,
Paskalina